Mguu wa Kanga na Jarida la Umoja

Bi Nungunungu alikuwa akijisifu kwamba katika nchi nzima ya Mfalme Kiboko hapakuwa na nyumba isiyo na jarida lake. Kisha hukohoa kidogo na kuongeza kwamba vitumbua navyo lazima vifungwe kwa kitu.

Jarida lenyewe liliitwa Mwiba. Alilichapa kwenye majani makavu ya mgomba, na kila ukurasa aliushona kwa miiba ya mgongoni mwake mwenyewe, ncha zikiwa ndani. Msomaji mwenye adabu huinua jani kwa pembeni, hachomwi. Mwenye pupa shauri yake. Wenzake katika kazi hiyo walikuwa wawili: Kanga, aliyewatetea akina mama wa sokoni, na Kobe, aliyewatetea wazee, na ambaye toleo lake la masika lilifika kiangazi.

Nchi ilikuwa tulivu, maana Mfalme alilala kisimani. Hilo si fumbo. Kisima cha kunywa cha watu wote kilizungushiwa ua, Mfalme akakigeuza bafu la kukanda mgongo wake, na raia wakaambiwa kwamba kiu ni mazoea mabaya. Mama Swala alifiwa na mapacha wake njiani, akiwapeleka mbali kutafuta maji. Alimwendea Bi Nungunungu na ombi moja tu: majina ya wanawe yaandikwe, watu wajue kwamba walikuwapo. Nungunungu akamwahidi.

Ndipo Waziri Kenge akawaita wahariri wote watatu barazani, mbele ya kichwa cha Mfalme kilichokuwa kikielea kisimani. Alisema Mtukufu anaipenda sana haki, ila inamchosha kuisoma mara tatu. Majarida yaunganishwe, liwe moja, liitwe Umoja. Na kwa kuwa migomba yote sasa ni mali ya ikulu, majani yatatolewa kwa jarida hilo tu.

"Kijiti kimoja huvunjika," alisema Kenge. "Vitatu vikifungwa pamoja, nani atavivunja?"

"Vijiti vikifungwa pamoja, Mheshimiwa," alijibu Nungunungu, "huitwa kuni."

Kenge alicheka mpaka ncha zote mbili za ulimi wake zikaonekana. Mfalme akatoa mapovu, yakaandikwa kuwa ni ridhaa.

Walipotoka, Kobe alisema anahitaji muda wa kufikiri, na mpaka leo anafikiri. Kanga akambembeleza Nungunungu. Wakikataa watakufa kila mtu na lake, wakiingia angalau watasemea ndani. Tena yeye ndiye ameteuliwa mhariri mkuu.

"Shoga, ukurasa wako wa kisima utatoka kama ulivyo. Naapa kwa vifaranga vyangu."

Nungunungu aling'oa miiba yake mizuri kuliko yote, akaushona ukurasa ule wenye majina mawili, akamkabidhi.

Umoja likatoka, zito, linang'aa. Jani la kwanza, Mfalme akitabasamu majini. La pili, faida za kiu. Nungunungu alipekua mpaka jalada la nyuma. Mama Swala, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akimtazama usoni, akayasoma yote humo.

Wakaenda ikulu pamoja. Walimkuta Kanga nyuma ya meza pana, yenye mtungi wa maji safi juu yake, amesimama kwa mguu mmoja. Alieleza kwa huzuni kwamba ukurasa aliupeleka kwa wachapaji vilevile alivyopewa. Aliyeuchomoa ni mtu wa Kenge. Yeye hakuufungua, hakuugusa hata kwa ukucha.

"Na mguu una nini, shoga?"

"Ndivyo tunavyosimama wahariri wakuu."

"Kama korongo?"

"Kama wakuu."

Nungunungu alijua ukoo wa Kanga: hata wapandishwe cheo gani, wakiwa na haraka hawainui kitu kwa pembeni. Huchakura.

Mama Swala akaomba maji, kwa sauti ndogo. Kanga, aliyelelewa vizuri, tena akifurahi kwamba mazungumzo yamegeuka, aliugeukia mtungi, akasahau, akakanyaga. Alipiga yowe, akaanguka chali, unyayo juu. Katikati ya unyayo mwiba ulisimama, mweusi kwa mweupe, umeshikilia kipande cha jani.

"Mwiba wa samaki," alisema Kanga.

Mama Swala akainama, akakitazama sana kile kipande. Akauliza kama lililoandikwa pale ni jina la Kulwa au la Doto.