Kichwa cha Mbao cha Heine

Jioni ile Machteld alikuwa jikoni mwa ngome akimenya maharage. Mumewe Gillis, mwokaji mikate, alikuwa amefungwa kwa wizi wa unga na alfajiri angenyongwa. Kaka yake Heine, chale wa kumchekesha Bwana Rogier, mwenye ngome, alikaa karibu na jiko na kofia yake ya masikio ya punda na njuga. Mapajani alilaza fimbo yake ya kazi, ile yenye kichwa cha mbao kilichochongwa kwa sura yake mwenyewe.

Kichwa hicho kilianza kusema wakati wa mavuno, na hakikuwahi kusema uongo. Ajabu gani hapo? Kila ngome ina lake. Paka akisingiziwa maziwa, wapishi walikiuliza, kikamtaja mnywaji, yakaisha. Bwana Rogier naye alijua. Alisema kinampunguzia chale kazi.

"Nani kaiba unga?" Machteld akakiuliza.

"Diederik, msimamizi wa ghala," kikajibu. "Uko kwa shemeji yake, chini ya nyasi za ng'ombe."

"Kaka, nenda ukaseme mezani! Ni wewe tu unayeruhusiwa kumwambia bwana lolote."

"Naruhusiwa, dada," Heine akasema. "Ndicho kinachonitia hofu."

Ukumbini, bwana na wageni wakila, akainua fimbo. Kichwa kikaeleza yote bila kuzungusha. Watu wakaangua kicheko. Desturi ya pale ilikuwa hivyo: chale akisema, mnacheka, na asiyecheka kamvunjia bwana heshima. Diederik alicheka mpaka akapaliwa na pombe.

Basi Heine akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akavua kofia, akailaza pamoja na fimbo kando ya bata wa kuchoma.

"Bwana wangu, huu si mzaha. Shemeji yangu hana hatia. Tuma watu wakaangalie."

Kicheko kikakatika. Bwana Rogier akamtazama kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

"Wewe nani?"

"Heine, bwana."

"Heine wangu ana njuga. Wewe huna, na unamchafulia jina msimamizi wangu mbele ya wageni. Watu wa namna hiyo nawanyonga. Vaa, au nikuulize tena."

Mlangoni Machteld alibana sahani mpaka vidole vikafa ganzi. Jamani, alitaka kaka yake avae, na alitaka asivae. Mume mmoja, kaka mmoja, achague yupi?

Heine akavaa. Akarudia maneno yale yale, njuga zikilia. Wakacheka tena, na safari hii walionekana kupata nafuu.

Gillis alinyongwa alfajiri, mvua ikinyesha. Mkate wa siku hiyo uliokwa na mtu mwingine, ukaungua kidogo.

Jumapili walikuja wageni kutoka mji wa Gent. "Hebu tupe ile ya mwokaji," Bwana Rogier akasema. Kichwa cha mbao kikaisimulia vilevile, kikaongeza kwamba mwokaji amekufa bure na unga bado uko palepale. Diederik akapiga meza kwa kucheka, machozi yakamtoka.

Bwana akageuka, akamwona Machteld amesimama na jagi la pombe, hacheki.

"Na wewe?" akauliza.

Machteld akacheka.