Mbio za Kubeba Mtoto

Nilikubali kwenda kwa sababu moja tu: msituni hakuna ziwa. Vitabuni huitwa mandari. Sisi kina mama wa kwaya, Mwisenge, tunasema pikiniki, na tulikuwa tumeingoja tangu Pasaka. Kosta tuliyoikodi ilipoacha lami upande wa Butiama na kuanza kupanda kilima, niligeuka nikaona kipande cha mwisho cha maji kikitoweka nyuma ya mawe. Nikashusha pumzi. Kwa miaka mitatu sikuwa nimeketi mahali ambapo macho yangu hayana kazi ya kuhesabu mitumbwi.

Mume wangu, Stanslaus, aliingia ziwani kutoka Bukima jioni ya Jumanne moja, miaka mitatu sasa, na nyavu, taa na chupa ya chai. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Kwa watu wa kwao, aliyechukuliwa na maji haachwi hivi hivi. Hutafutwa tunda la mwegea, lile refu, zito, linaloning'inia kwa kamba yake mtini. Huvishwa nguo za marehemu, hulazwa ndani ya jeneza, huzikwa pembeni mwa nyumba, na watu hulia kama wanavyolia msiba wowote. Wazee wa ukoo walinijia mara nne. Mara zote nne niliwajibu kwamba sikuolewa na tunda na sitalilia tunda. Mtu akishazikwa, nani tena atamngoja?

Wazee niliwaweza. Aliyenishinda ni mama mkwe. Yuko kitandani tangu mwaka jana, amekonda hata shuka linamlemea, na kila nikienda kumwona hunishika mkono. "Ursula, mama, nizikie mwanangu nipate kuondoka. Huko nitamtafutia wapi, kama hajafika?" Nami humwambia anywe uji. Mimi ni mkaidi, nakiri, na ukaidi ndiyo mali pekee niliyobaki nayo.

Msitu ulitupokea kwa upole. Mwanga ulichujwa na majani hadi ukatufikia umepoa, wa kijani, na sauti zetu zikashuka bila kuambiwa. Tulitandika mikeka. Mama Mary, mwenyekiti wetu, akafunua sufuria la pilau na beseni la sato wa kukaanga. Tukala, tukanywa soda, tukaanza kusinzia mmoja mmoja hapo tulipoketi. Nililala chali nikitazama matawi yakienda na kurudi, mpaka sikujua kama yanayosogea ni hayo au ni mimi. Kwa kitambo kidogo nilisahau kwamba nina mtu wa kungoja.

Aliyeniamsha ni Tabitha. Huyu ni mgeni kwetu, binti wa wakulima wa pamba wa Bunda, ameolewa Mwisenge mwaka huu, na maneno yake huwa hayapangi foleni.

"Kina mama, amkeni! Mbio za kubeba mtoto!"

"Watoto tumewaacha nyumbani, wewe," Mama Mary alijibu huku amefumba macho.

"Wa hapa hapa wanatosha. Kwetu tulikuwaga tunabeba hawa tukichunga ng'ombe." Akaja kutoka nyuma ya miti, mikono imejaa matunda ya mwegea yaliyoanguka. Akacheka, akaniinamia, na kabla ya mtu yeyote kufumbua kinywa alikuwa amekwisha kunifunga moja mgongoni kwa kitenge changu mwenyewe.

Wifi yangu Nyangi, dada yake Stanslaus, alisimama ghafla na chupa ya soda mkononi. Wanawake wa mwambao wa ziwa waliangalia chini. Tabitha aliendelea kucheka peke yake, kisha kicheko kikamwishia njiani.

"Jamani, nimefanyaje?"

"Hujafanya kitu," nilisema. Nilipeleka mkono kifuani nifungue fundo. Mkono ukafika, ukatulia pale, na badala ya kufungua nikaanza kutembea.

Mpaka leo sijui miguu ile ilimtii nani. Niliipita mikeka, nikaingia katikati ya miti. Tunda lilikuwa zito na baridi, limenikaa kuanzia mabegani hadi kiunoni. Stanslaus akirudi alfajiri alikuwa akijilaza mgongo kwa mgongo nami, amebeba baridi ya ziwa zima mwilini, akisema, "Nigawie joto kidogo, mke wangu." Nami nilimgawia. Mgongo wake ulipata joto taratibu, pumzi zikawa ndefu, halafu akaanza kukoroma bila aibu. Basi nilitembea hivyo, macho nusu yamefumba, na upepo juu ya miti ukavuma kwa sauti ile ile ya maji niliyokuwa nimeikimbia. Sikuogopa. Nilipunguza hatua, kwa maana tunda nalo lilikuwa limeanza kupata joto.

Nikasimama. Nilisubiri niisikie pumzi. Joto lilizidi, likaenea, na mwisho nikalitambua: lilikuwa langu. Lote lilikuwa langu, la kwake halikuwemo hata chembe. Nililia. Nililia kwa sauti, msituni, mchana kweupe, mpaka nikakaa juu ya majani makavu.

Nyangi alinikuta hapo. "Wifi, sikumtuma. Naapa mbele za Mungu. Yule mtoto wa watu alikuwa hajui."

"Najua."

"Nikufungulie?"

Nilimwachia afungue. Alilipokea tunda kwa mikono miwili, akawa hajui aliweke wapi, maana chini hakuthubutu kuliweka. "Nilirudishe kule alikolitoa?"

Nililitazama vizuri. "Ni fupi," nilisema.

"Fupi namna gani?"

"Kaka yako alikuwa mrefu, Nyangi. Hili ni la mtu mwingine."

Akakaa chini karibu yangu. "Wazee hawapimagi, wifi."

"Mimi napima. Mama nimemkatalia miaka mitatu. Siwezi kumpelekea mtu asiye wake."

Tuliporudi mikekani, Nyangi alisema maneno mawili matatu kwa Mama Mary, naye akapeleka kwa wengine. Tabitha, macho mekundu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama chini ya mwegea. Wakafuata wote, vitenge wamevikunja hadi magotini, wakifukua majani na kuyaleta matunda moja moja mkekani mbele yangu. Hili limepinda. Hili limeliwa na wadudu. Jingine nililisukuma kando kwa sababu lilikuwa nene katikati.

"Kaka na kitambi wapi na wapi!" alisema Nyangi, akacheka huku anafuta kamasi. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tukimtaja Stanslaus.

Jua lilikwisha kuinama. Dereva alipiga honi, akangoja, akapiga tena, kisha akashuka na kuja hadi penye mikeka. "Jamani, twendeni! Mnangoja nini?"

Mama Mary alijinyoosha, akajipangusa udongo mikononi.

"Tuvumilie kidogo, baba," alimwambia. "Kuna mtu wetu hatujampata."