Kati ya Sita na Nane

Widad aliifungua plagi ya silinda ya tatu, akaiinua kwenye jua, na moyo ukamshuka. Kauri ya nchani ilikuwa nyeupe kama chokaa, na juu ya weupe ule zilishikamana chembe ndogo ndogo zilizometa kama magamba ya dagaa. Ilikuwa alumini, na alumini ya kufika pale ingetoka wapi ila kwenye pistoni. Pistoni ilikuwa imeanza kuliwa.

Alimwita kakake, Muzammil, akamwonyesha. Muzammil aliitazama ile plagi, akamrudishia, akageuka kutazama magari mengine yakipangwa.

Walikuwa wametoka Malindi alfajiri kuja kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ndani ya shamba la mkonge nyuma ya Kilifi, ambako magari yalikimbizwa moja moja kushindania muda. Muzammil ndiye dereva. Widad ndiye aliyeiunda injini ya ile Starlet nyeupe, bolti kwa bolti, nyuma ya nyumba ya mama yao. Lakini juma lililopita, Widad akiwa Lamu kwenye harusi, Muzammil alifunga turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, kubwa zaidi ya ile ya awali, bila kumshauri. Plagi aliziacha zile zile.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Plagi si zote sawa mbele ya joto. Iliyo ya moto hukaa na joto nchani, ikajichomea masizi yake yenyewe, na gari likaenda vizuri hata kwa mwendo wa sokoni. Iliyo ya baridi hulitoa joto upesi; hiyo hufaa injini inayosukumwa kwa nguvu, ila ukienda nayo taratibu hujaa masizi na injini ikaanza kukohoa. Kwa plagi walizotumia wao, namba ikipanda ubaridi nao huzidi. Zilizokuwemo zilikuwa namba sita. Widad alikuwa na namba nane, alizoagiza Mombasa. Namba saba, ambayo pengine ingeumaliza ugomvi, hakuipata dukani kokote.

"Kaka, hizi sita zitakuwa kaa la moto mle ndani," alimwambia. "Mafuta yatawaka kabla ya wakati wake. Pistoni ikitoboka ukiwa kasi, injini itakamata, na magurudumu ya mbele yatasimama papo hapo."

Muzammil alijua. Lakini alikumbuka pia mashindano ya Watamu, alipofungiwa hizo nane, akasubiri foleni ndefu juani injini ikinguruma, na alipopewa bendera gari likapiga chafya na kusimama. Mtangazaji aliuliza kwenye kipaza sauti kama kuna tuktuk ya kuja kumvuta. Tangu siku hiyo wenzake wa barazani walikuwa wakimwita Tuktuk, na yeye hucheka nao, lakini akifika nyumbani hunyamaza.

Widad alimweleza kwamba kosa la siku ile lilikuwa la foleni. Safari hii gari lisukumwe kwa mikono mpaka kwenye mstari, liwashwe dakika ya mwisho, na presha ya turbo ipunguzwe kidogo. Muzammil aliitikia haraka mno. Haraka ile ilimtia Widad wasiwasi, lakini alizifunga zile nane, akafunga boneti, akaenda kuswali adhuhuri nyuma ya ghala.

Alikuwa anavaa viatu alipoisikia Starlet. Ilikuwa tayari kwenye foleni, imewashwa, ikinguruma laini bila kukata hata kidogo. Mtu mwingine angefurahi. Widad aliganda na kiatu kimoja mguuni. Kwa zile nane, na kwa muda ule wote wa kusimama, sauti ile ingekuwa imeshaanza kukwaruza.

Alimkuta Kiponda, rafiki yao wa Watamu aliyekuja kusaidia kusukuma gari, amekaa peke yake kwenye kivuli cha lori. Alimuuliza kwa nini hasukumi. Kiponda aliangalia chini. Alisema Muzammil alizirudisha sita punde tu Widad alipoondoka, na presha hakuigusa.

"Aliniambia nisikwambie," alisema.

Widad alikimbia. Mbele ya Starlet lilibaki gari moja. Kandokando ya lami, nyuma ya kamba tu, watu walikuwa wamejipanga, kina mama wamewabeba watoto mabegani ili waone vizuri. Alifikiria magurudumu yakikamata katikati pale, gari likienda lilikotaka lenyewe.

Aligonga kioo. Muzammil, kofia ya chuma kichwani, alikiteremsha kidogo.

"Rudi, Widad. Ni mbio moja tu."

Msimamizi wa mstari, Mama Kavata, mwanamke mtu mzima mwenye fulana ya rangi ya chungwa, alikuwa anawatazama. Neno moja tu kwake lingetosha kumtoa Muzammil mashindanoni, na kipaza sauti kingemtangazia kila mtu sababu. Widad aliliona neno lile liko ulimini, akalimeza. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akakaa.

"Unafanya nini?"

"Nakwenda nawe."

"Huna kofia. Hawatakuruhusu."

"Basi waambie wewe wanitoe. Waambie na sababu." Alifunga mkanda. "Kama gari ni salama kwako, kwangu pia ni salama. Nitazame uniambie ni salama."

Gari la mbele liliondoka kwa kishindo, vumbi jekundu likawafunika. Nyuma yao watu walianza kupiga honi. Mama Kavata alikuja, akainama dirishani, akauliza kuna nini. Widad alimwamkia shikamoo, kisha akamgeukia Muzammil. Muzammil alishika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka chini ya kofia likamtiririka shingoni. Alitazama lami, akawatazama wale watoto mabegani, akarudi kumtazama dadake, na hakuweza kulitamka alilotakiwa kulitamka.

Alizima injini.

"Tuna hitilafu, Mama," alimwambia Mama Kavata kwa sauti ndogo. "Tuweke mwisho, tafadhali."

Walilisukuma pembeni, Kiponda akija mbio kwa aibu kuwasaidia. Injini ilikuwa bado ya moto na Widad hakuthubutu kuzilazimisha plagi, asije akala nyuzi za silinda hedi, mle zinamokazwa. Walimwagia rejeta maji kwa nje, wakangoja, kila mmoja akitazama upande wake, huku magari yakiondoka moja baada ya jingine. Mwishowe Widad alizitoa taratibu kwa kitambaa, vidole vikiungua, akafunga zile nane, akapunguza presha.

Zamu yao ilipofika, gari liliwashwa pale pale mstarini. Bendera iliposhuka lilikohoa. Likakohoa tena, na watu wakaanza kucheka. Widad alifumba macho. Kisha injini ikashika, sauti ikanyooka, na Starlet ikapotea kwenye vumbi mpaka mwisho wa lami, ikasimama salama.

Haikushinda. Haikuwa hata miongoni mwa yaliyotajwa. Mtangazaji aliurudia ule mzaha wa tuktuk.

Kwa safari ya kurudi, ya mwendo wa kawaida, sita ndizo zilizofaa, naye Widad akazirudisha. Muzammil aliendesha polepole, moshi mwembamba wa buluu ukiwafuata. Injini ingebidi ifunguliwe yote. Walipita Matsangoni. Muzammil alikuwa na haki ya kuamini kwamba mbio ile moja ingepita salama, na Widad hakuwa na njia ya kumthibitishia kwamba isingepita. Jambo lisilotokea halina shahidi.

Karibu na Gede, Muzammil aliuliza, macho yako barabarani, "Pale mstarini, ningeondoka na gari vile vile, ungeshuka?"

"Nisingeshuka."

Muzammil akasema akifika nyumbani atamweleza mama mwenyewe, asisikie kwa watu, na kwamba kesho wataitoa ile turbo.

"Kesho nilale," Widad alijibu. "Tutaitoa keshokutwa."