Vidole Kwenye Gauni la Bi Harusi

Jumatatu asubuhi Ornella, mshonaji wa mavazi ya jumba la opera, alikuwa akipiga pasi gauni jeupe la bi harusi alipoona vidole vitano vyeusi kiunoni. Alivisugua kwa sabuni, kisha kwa siki. Vilijikunja kidogo, kama vinatekenywa, vikabaki palepale.

Alivijua. Vilikuwa vya Maestro Tancredi, mwongozaji, aliyeihamisha opera yao ya kale, mchezo wa kuimbwa, kutoka kasri la mtawala hadi buchani. Sasa bi harusi alichomwa kisu katikati ya mapaja ya nguruwe yaliyoning'inizwa, mapaja ya kweli, yaliyokwisha kuanza kunuka. Kila siku ya mazoezi Maestro alimshika Fiorenza, mwimbaji aliyeigiza bi harusi, eti anamwonyesha namna ya kuigiza hofu, na mkono wake haukuwa na haraka ya kuondoka.

"Nimesema ofisini," Fiorenza alinong'ona akivalishwa. "Wameniambia, binti, huo ndio usasa."

"Nyamaza, mwanangu. Ngoja wale wa juu wakuone."

Wale wa juu walikuwa wazee wa roshani ya mwisho, ya tiketi rahisi. Waimbaji wa Italia nzima waliwaogopa kuliko homa, maana hakuna kosa lililowapita. Baba yake Ornella alikuwa mmoja wao mpaka alipokufa. Wakiviona vidole, aliamini, watazomea hadi Maestro afukuzwe.

Onyesho la kwanza lilipofika, vidole vilikuwa ishirini na vitatu, vimepanda hadi kifuani. Chini ya taa kila mtu aliviona. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliinua darubini, akatazama, akaishusha, akamenya peremende. Katika wimbo wa kufa, vidole vilikaza. Fiorenza alikosa pumzi, na sauti ya juu kabisa ikakatika.

Roshani ililipuka.

"Rudi shule, we!"

"Mpeni paja la nguruwe liimbe badala yake!"

Maestro alipotoka jukwaani kuinamia watazamaji, walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Vile vidole, walisema, ni ubunifu wa hali ya juu. Mkono wake ulikuwa kiunoni mwa Fiorenza.

Jumatatu iliyofuata Fiorenza alikuwa ameshapewa barua ya kufukuzwa, na mwimbaji mwingine, Loredana, alisimama mbele ya kioo. Ornella hakusugua tena. Alifumua mishono ya ubavuni, akaongeza sentimita nne za kitambaa, ili vidole vipate nafasi.

"Mama, mbona gauni lina joto?"

"Vuta pumzi," Ornella alisema, akichomeka pini.