Makatambuga ya Simioni

Asubuhi ya arobaini na tatu tangu Simioni ashuke shimoni, makatambuga yake yalikuwa yamegeuka tena. Jioni yalielekea nje, kama anavyoyaacha kila anayeshuka duarani, shimo la dhahabu, ili akipanda ayavae na kwenda zake. Sasa yalitazama shimoni. Malimi alichutama akakagua. Mstari wa majivu aliouchora kuyazunguka ulikuwa mzima, na upepo hauwezi kuinua mpira wa tairi la lori. Aliandika kwenye daftari, akayageuza.

Zamani alifundisha historia huko Shinyanga. Dhahabu ilimleta Kemambo, na Kemambo ikampa rungu: akawa mkuu wa walinzi kumi wa kukodi katika duara la Filemoni. Walipofikisha mwezi wa tano bila mshahara, aliwasimulia, wakiwa kwenye ugali, habari za askari wa kukodi wa Karthago. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita walipigana na Roma, wakanyimwa malipo, wakaasi na kuizingira miji ya waliowaajiri.

"Iliishaje, Mwalimu?" Simioni aliuliza, tonge mdomoni.

"Matajiri waliogopa sana."

Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa jibu. Kesho yake wote kumi walishuka kulishikilia duara hadi walipwe. Malimi alibaki juu kujadiliana na kuhesabu viatu. Siku ya tatu mvua iliangusha ukuta. Tisa walifukuliwa wakiwa maiti. Simioni hakuonekana.

Na kwa mwiko wa machimbo, viatu vya aliye chini haviguswi na mtu ila aliyevihesabu. Navyo vikiwapo, hakuna anayechimba.

Saa tatu Filemoni alifika na bahasha nene. "Mura, kijana wangu, mishahara ya wote kumi hii hapa. Ondoa hayo matairi, watu washuke kazini. Au unangoja yaote mizizi?"

Malimi aliitazama bahasha. Kabla hajajibu, mwanamke aliyefunga khanga kiunoni alipanda kifusi kwa haraka. Alikuwa Agustina, mke wa Simioni, ametoka Ringwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, shemeji."

"Simioni alinipigia kabla hajashuka. Alisema umewapa hadithi nzuri, ila mwisho hukumpa. Nimeufuata."

Malimi alifunga daftari. "Walifungiwa bondeni, kuta pande zote. Chakula kikaisha, wakalana. Waliobaki waliuawa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla hawajashuka?"

"Kabla."

Agustina hakulia. Alitazama miguu ya Malimi. "Basi vua."

Malimi alivua makatambuga yake, akayapanga kando ya yale mengine, yakielekea nje.

"Jozi ya pili," Agustina akasema kwa sauti. "Nimeihesabu mimi."

"Lakini huyu si yuko juu!" Filemoni alimaka. "Anapumua, unamwona!"

"Wewe ndiye unayesema." Akanyoosha mkono. "Na hiyo bahasha lete. Miezi mitano waliifanyia kazi. Nitawapelekea wajane wenzangu."

Filemoni alimpa, kama asiyejua kwa nini.

Asubuhi ya arobaini na nne Malimi alikwenda duarani pekupeku. Majivu yalikuwa mazima. Makatambuga ya Simioni, kwa mara ya kwanza, yalibaki yametazama njia ya nyumbani. Ya kwake yalitazama shimoni.

Aliandika. Ya kwake hakuyageuza, kwani si yeye aliyeyahesabu.