Picha za Viti Vilivyochakaa

Pitchou alirudi kutoka Italia na picha mia mbili na kumi na nne kwenye simu, na katika zote hizo hakukuwa na hata moja ambayo mtu wa kanisani angeweza kuitazama mara mbili.

Watu walikuwa wamejiandaa. Wiki ile ya kwanza walipita karakana yake ya Troyeville, Johannesburg, mmoja mmoja, wakijifanya wameleta zipu ya sanduku au mto wa sofa, kumbe wamekuja kuona Ulaya. Pitchou alikuwa fundi wa viti vya magari, mzaliwa wa Bukavu, mwenye miaka hamsini na minane, na hiyo ndiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu azaliwe: siku tisa za kuzunguka makumbusho ya magari ya mbio na pikipiki. Binti yake Gaëlle ndiye aliyepanga kila kitu. Tangu utotoni alimsikia baba yake akitaja magari ya Kiitaliano kama wengine wanavyowataja watakatifu, akaapa kwamba siku moja atampeleka akayaone kwa macho.

Basi mgeni akipewa simu anaona nini? Ngozi iliyopasuka. Mshono ulioachia. Sponji inayochungulia pembeni. Tangi la pikipiki lililolika rangi pale goti la mwenyewe lilipokuwa likisugua. Gari zima, jekundu, linalong'aa, hakuna.

"Papa Pitchou," alisema Maman Victoire, kiongozi wa kwaya, akimrudishia simu kwa vidole viwili, "hizi umepiga Italia au umepiga kwenye lile jaa la Jeppestown?"

"Italia, mama."

"Ungeniambia mapema. Jeppestown ningekupeleka kwa miguu."

Pitchou wa siku zote angekuwa amesharudisha mbili, moja kuhusu miguu ya Maman Victoire na nyingine kuhusu sauti yake. Safari hii alitabasamu tu na kuiweka simu mfukoni. Nyuma yake cherehani ya mkewe Denise ilinyamaza. Pitchou hakugeuka, lakini aliyahisi macho ya mke wake mgongoni. Miaka thelathini ya ndoa, mwanamke anajua: mume wako akitaniwa asipojibu, kuna kitu kimemkaa kooni.

Kitu chenyewe kilianza siku ya saba ya likizo. Kabla ya hapo walikuwa wameshapita Modena, Maranello, na pikipiki za Bologna, na kote huko Pitchou alikuwa Pitchou. Alimwonyesha Gaëlle mshono uliokwenda upande katika gari ambalo thamani yake ingenunua nusu ya mtaa wa Berea. Akapiga magoti auchungulie vizuri, mlinzi akaja akamwomba kwa adabu arudi nyuma ya kamba. Pitchou, ambaye aliwahi kulinda mlango wa duka la jumla mjini Johannesburg kwa miaka sita, akisimama tangu asubuhi bila kiti, alimpa mlinzi mkono na kumpongeza kwa kazi nzuri.

Siku ya saba wakaingia makumbusho madogo ya mtu binafsi, ghala la zamani la jibini lililogeuzwa. Kulikuwa na magari kumi na mawili, na la mwisho lilikuwa na kiti cha dereva kilichochanika kama kimekwaruzwa na paka.

"Hawa hawana fundi," Pitchou alisema. "Waachie namba yangu."

Gaëlle, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alikuwa anasoma kibao kwa msaada wa simu. "Imeandikwa hakijaguswa tangu siku mwenyewe aliposhuka mara ya mwisho. Familia ndiyo iliyoomba."

"Soma tena."

Alisoma tena. Pitchou akatafuta benchi, akakaa.

"Papa, ni presha?"

"Si presha."

"Ni nini sasa?"

"Ni Mzee Renzo," alisema Pitchou, akatoa simu mfukoni. Kabla ya hapo Gaëlle ndiye aliyekuwa akipiga picha, kwa simu yake mwenyewe; kuanzia dakika ile Pitchou naye akapiga, za viti na vitu vilivyochakaa tu. Siku ya mwisho wakarudi tena Maranello na Bologna, maana alikuwa amevipita vingi bila kuviona.

Mzee Renzo alikuwa jirani, mtu wa Bez Valley, aliyezaliwa Italia na kuletwa Johannesburg na wazazi wake akiwa na miaka sita. Maisha yake yote alipiga vigae katika bafu za watu. Alikuwa na gari moja, Alfa ya zamani ya milango miwili, na miaka minne iliyopita alilileta karakana. Kiti cha abiria kilikuwa kimeachia mshono. Mzee akaweka kidole. "Shona hapa. Hapa tu." Kisha akaongeza, akitazama pembeni, kwamba ndipo mke wake alipokuwa akikaa, na kwamba mke huyo sasa ni marehemu.

Pitchou alikisikia kila kitu isipokuwa kile alichoambiwa. Aliona ngozi ya rangi ya chai iliyokolea, imebonyea katikati na kuinamia mlangoni, ina tundu la sigara. Aliona mzee mjane anayeona haya kuomba zaidi. Akaona aibu kwa niaba yake. Kule alikotoka, humrudishii mtu mzima kitu chake nusu kizima nusu tambara wakati mikono unayo. Basi akabandua ngozi yote, akatoa sponji akaitupa, akakishughulikia kiti kile siku tatu kwa ngozi nyekundu bora kuliko zote alizokuwa nazo. Zawadi.

Mzee Renzo alipokuja kulichukua gari aliweka kiganja pale palipokuwa na mbonyeo. Akakiacha hapo kitambo.

"Ni kazi safi sana," alisema. "Ile ya zamani iko wapi?"

"Usijali, mzee. Nimeshaitupa."

Akashukuru, akaondoka, hakurudi tena. Na kwa miaka minne Pitchou aliigeuza habari hiyo kichekesho cha harusini: nimempa mzee kiti cha kifalme, akanishukuru kama mtu aliyekanyagwa kidole. Watu walicheka kila mara. Aliisimulia vizuri.

Jioni ile, Maman Victoire alipokwisha kuondoka, Pitchou alimweleza Denise yote, mpaka kibao cha makumbusho. Denise alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Ile ngozi haikutupwa," alisema.

"Najua haikutupwa. Nilimwambia vile ili asiione tena akasikitika. Uliifanya kava za Biblia."

"Sita. Ngozi laini namna ile, niitupe kwa nini?" Akafungua mkoba, akatoa Biblia yake. Kwenye kona ya chini ya kava palikuwa na tundu dogo jeusi la mviringo. "Yenye tundu nilibaki nayo mimi. Kila mahubiri yakirefuka naingiza kidole hapa. Miaka minne sasa." Alilitazama tundu lile kama analiona kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa naweka kidole kwenye kiti cha mke wa mtu."

Jumapili walikwenda kanisani wote wawili, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu mjini, chini yake duka la blanketi. Ibada ilipokwisha Denise aliwaita wanawake wanne waliokuwa na kava zile, akawaomba wazirudishe.

"Kwanza mnatuletea picha za matambara," alisema Maman Victoire, "sasa mnataka kuzivua nguo Biblia zetu."

"Victoire, nyamaza kidogo," alisema Denise, na akawaambia. Hakupamba. Pitchou alisimama kando, kofia mkononi, akatamani angalau mmoja amcheke. Hakuna aliyemcheka. Maman Victoire ndiye aliyefungua zipu wa kwanza, akakunja kava lake vizuri, akampa. Wawili wakafuata.

Wa nne alikuwa Concilie, Mrundi, msusi wa Berea. Yeye aliikumbatia Biblia yake kifuani. Ndani ya kava, juu ya ngozi, alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino majina ya watoto wake wawili waliobaki Bujumbura kwa bibi yao.

"Si lazima, dada," alisema Pitchou, na kweli alimaanisha.

"Huyo mzee alikuwa na mtu mmoja tu wa kukaa pale?"

"Mmoja."

Concilie alilivua. "Mwambie asifute majina."

La sita halikuwa la kuombwa. Lilikuwa la mama yake François, muumini mwenzao, na bibi huyo walimzika miaka miwili iliyopita na Biblia yake kifuani, jinsi alivyoagiza. Pitchou alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Usiku na mchana wa wiki ile alifikiri jinsi ya kuziba pengo. Alikuwa na ngozi inayokaribia rangi ile. Angeipaka chai, angeisugua kwa jiwe, na hakuna jicho Johannesburg nzima ambalo lingetambua. Aliikata kabisa, akaipima. Halafu akakumbuka kidole cha mzee, hapa tu, akairudisha rafuni.

Jumamosi asubuhi alitembea mpaka Bez Valley na mfuko wa plastiki kwapani. Mzee Renzo alifungua geti mwenyewe. Alikuwa amepungua, mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mapya.

"Picho," alisema. Hakusema karibu, wala hakufunga geti. Walizungumza Kiingereza cha Johannesburg, kila mmoja na kilema chake.

"Mzee, nilikuambia uongo. Ile ngozi sikuitupa. Mke wangu aliitengenezea kava za Biblia."

"Mke wangu Marisa hakuwa mtu wa kanisa," alisema Renzo. "Alikwenda siku ya harusi yetu. Na alichelewa."

"Basi sasa amekwenda miaka minne mfululizo," alisema Pitchou, na hapohapo akatamani ardhi immeze.

Kitu kilipita kwenye midomo ya mzee, kikapotea. Akasogea pembeni ya geti.

Gari lilikuwa gerejini chini ya shuka, magurudumu yamelegea. Renzo akasema halitoki tena. Kila akiendesha, akitazama kushoto, anaona duka la samani. Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana Pitchou alishindwa pa kuweka macho.

"Sijashona chochote," alisema. "Safari hii nimekuja kuuliza kwanza."

Alifungua mlango, akaanza kupanga vipande juu ya ngozi nyekundu. Hakuhitaji kufikiri, mikono yake ilikumbuka kila kimoja kilitoka wapi. Mgongo wa kiti, ubavu, ubavu. Kile chenye tundu kilikaa ukingoni. Renzo aliinama, akaingiza kidole cha mwisho kwenye tundu.

"Hii sigara ilikuwa yangu, si yake. Alinifokea kutoka Durban mpaka hapa."

Kisha akaona nafasi, upana wa viganja viwili, ambapo wekundu ulibaki wazi. "Na hapa?"

"Hapo pamezikwa, mzee. Pamoja na mama mmoja wa kanisani kwetu."

"Alikuwa mtu mwema?"

Pitchou alifikiri kumpamba marehemu, akaacha. "Alikuwa mgomvi. Aligombana na mchungaji, na mwanawe, na lifti ya jengo lao."

"Lifti?"

"Ilikuwa mbovu miaka saba. Kila siku aliifokea kabla ya kupanda ngazi."

Renzo alitikisa kichwa taratibu. "Wangeelewana na Marisa."

"Kuna na hiki." Pitchou akageuza kava la Concilie, akaeleza majina ni ya nani. Mzee aliyasoma kwa sauti ya chini, akiyakosea yote mawili.

"Mbonyeo sitaweza kuurudisha," alisema Pitchou. Hilo ndilo lililomleta, na lilitoka kwa shida. "Sponji niliitupa kweli. Mwili wake ulikuwa kwenye sponji, mzee, si kwenye ngozi. Nilikuwa fundi, nilipaswa kujua."

"Ndiyo," alisema Renzo. "Ulipaswa."

Barabarani taksi ilipiga honi ya kuita abiria, ikapita.

"Shona," alisema mzee. "Pale palipozikwa paache pekundu. Majina yageuze nje, yakae upande wa dirisha."

Pitchou alitoa sindano na uzi. Mzee alivuta kiti cha plastiki, akakaa karibu, magoti yakigusa kizingiti cha gari.

"Umepataje kujua?" aliuliza. "Miaka minne hukujua."

"Binti yangu alinipeleka Italia, likizo. Tulitembea makumbusho, magari na pikipiki."

"Mimi sijarudi tangu nina miaka sita." Renzo alinyoosha kiganja. "Ulipiga picha?"

"Nilipiga, lakini za viti vibovu tu."

"Lete."

Pitchou akampa simu, akainamia mshono wa kwanza, akitafuta matundu ya zamani ili sindano ipite humohumo. Mzee alikuwa anatelezesha picha kwa kidole gumba, polepole, akiisogeza simu mbali na macho kisha karibu. Baada ya muda alimgusa Pitchou begani.

"Hii imepita haraka," alisema. "Nirudishie."