Haja ya Mtoto

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito na mvua ya rasharasha, ile ya kukuchelewesha tu bila kukulowesha.

Mwanangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo siku iliyotangulia, na hakuwa ametimiza hata wiki duniani. Moyo, kwa rehema za Mungu, ulikuwa unapiga vizuri. Lakini kando ya kitanda chake palikuwa na kompyuta ambayo wauguzi waliiita Mtabiri. Kazi yake ilikuwa kukusanya vipimo vya mtoto na kusema mapema shida gani inakuja. Asubuhi hiyo Mtabiri alisema figo zinakaribia kugoma.

"Tumempa dawa, sasa tunasubiri mkojo," daktari alitueleza mimi na mama mkwe, maana mke wangu alikuwa bado amelazwa wodi ya wazazi, akituonyesha mfuko wa plastiki ulioning'inia kitandani, mkavu kabisa. "Usipotoka hadi jioni, itabidi tumtoboe tumbo tumwekee mrija wa kusafisha damu. Kwa mwili mdogo hivi, sipendi kufika huko."

Mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio. Tangu nimuoe binti yake, hakuwa amewahi kutaja mbele yangu kitu chochote kilicho chini ya kitovu. Akaenda pembeni kwenye korido, akawapigia simu wenzake wa maombi.

"Jamani, ombeni. Mjukuu wangu ana haja... Haja gani? Haja tu, mkwe wangu yuko hapa, nitasemaje? Ndiyo, ndiyo, ni baada ya mambo ya moyo. Haya, ombeni."

Haikufika adhuhuri, mlinzi wa getini akaja mbio. "Baba mtoto ni nani? Kuna watu pale nje wanasema wameleta moyo."

Nilishuka ngazi mbilimbili. Niliwakuta wale wenzake mama mkwe wa maombi wamesimama mvuani, wakiomba kwa sauti ya chini. Mbele yao alikuwa mjomba wa mke wangu, ambaye wote tunamwita Fundi Saa kwa kazi yake, amevaa suti ya harusi.

"Mkwe, tumesikia mtoto ana haja ya moyo," alisema. "Tumekubaliana nitoe wangu. Hawa wenzangu wana watoto wa kulea. Nimeshaoga."

"Mzee wangu," mlinzi akaingilia, "mtoto ana kilo tatu. Moyo wako utamwenea wapi?"

"Si wataupunguza? Hata hii suti ilipunguzwa."

"Mjomba, moyo anao," nikasema. "Anachokosa ni haja."

"Na haja yenyewe ndiyo tumeileta!"

"Haja ndogo, mjomba! Mkojo!"

Maombi yakakatika. Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Yaani nimefunga tangu asubuhi kwa ajili ya mkojo?"

"Endelea kufunga," Fundi Saa akamjibu. "Na mkojo nao unatoka kwa Mungu."

Mlinzi alishindwa kuwazuia. Wakajipanga mbele ya kioo cha wodi, Fundi Saa akainua mikono. "Ee Mola, tunaomba mkojo!"

"Mkojo!" korido nzima ikaitikia. Mfanya usafi akaegemeza fagio lake ukutani, akafumba macho. Mama mkwe akatazama sakafu kama anayetafuta pa kuzama.

Daktari alitoka amekunja uso. "Hii ni wodi ya wagonjwa mahututi. Ombeni kimoyomoyo." Lakini hakuondoka. Alisimama nasi, naye akiutazama mfuko.

Tulisimama hivyo hadi miguu ikafa ganzi. Alasiri, muuguzi akachuchumaa ghafla kando ya kitanda. Akainua kidole kimoja. Kisha viwili.

"Amekojoa!" Mama mkwe alinishika mabega akanitikisa. "Mkwe wangu, amekojoa!" Mtandio ulikuwa umemwanguka, wala hakuuokota.

Matone yaliendelea. Jioni daktari alisoma kompyuta mara mbili. "Mrija wa tumboni hatuweki. Mtabiri anasema hatari imeshuka. Haijaisha, imeshuka. Baba mtoto, ingia umwone."

Nilivaa joho la kijani, nikanawa mikono, nikainama juu ya kitanda. Mlango ulikuwa wazi, na wote walikuwa wananisikiliza.

"Mwanangu," nikasema kwa sauti, "mbele ya bibi yako, daktari wako na hawa waliofunga kwa ajili yako, nakuahidi: wewe kojoa tu. Kila nepi utakayolowesha nitaifua kwa mikono yangu, na sitakunja pua hata siku moja."